Mashabiki Watano wa Kagotho

Harufu ya mafuta ya cherehani haijawahi kunitoka puani. Juzi nilipeleka sketi kwa fundi mmoja wa Karatina aipunguze kiunoni, na kabla hajanipima alichukua kichupa akadondoshea mashine yake matone mawili. Nikashika ukuta. Kijana wa watu akadhani ni presha, akanivutia kiti mbio. Nikamwambia niko sawa, ila nimekumbuka Jumapili saa tisa mchana. Alinitazama vile wanavyotutazama siku hizi, nusu heshima, nusu wasiwasi.

Ninyi wa rika langu mtanielewa upesi. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo kwenye veranda ya duka la Mhindi pale Nyeri mjini, na mafuta yaleyale aliyotia cherehani Jumamosi ndiyo aliyotia gramafoni Jumapili. Gramafoni yenyewe ilikuwa yake, lakini kipande tu.

Wakati walowezi walipokuwa wakiuza vitu vyao waende zao, Baba na mama yake, yaani Cucu wangu, walishirikiana na marafiki watatu wakainunua kwenye shamba moja upande wa Kieni. Ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Waliibeba kwa zamu mpaka mjini, na kabla hawajafika walikuwa wameshagombana. Ikae kwa nani? Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kuliko za wenzake. Mwishowe Mzee Githaiga, fundi wa viatu, ambaye alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa ukali, aliiweka chini kando ya barabara akaigawa. Baba akapewa sanduku. Mzee Githaiga akachukua santuri, nazo zilikuwa mbili tu. Afande Barasa, askari polisi aliyeletwa Nyeri kikazi kutoka Kakamega, akapewa kidebe cha sindano. Mama Nyambura mwenye hoteli akasema kipande chake ni chumba cha nyuma na birika la chai, na hakuna aliyembishia. Cucu akapewa hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuitia gramafoni nguvu.

Basi hakukuwa na mtu aliyeweza kusikiliza peke yake. Ukitaka muziki, watafute wanne wengine. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Mzee Githaiga hakutaka hata kuirudia: kipande chako hakishikwi na mwingine.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Cucu alikuwa Wangechi, mimi ni Wangechi, na Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata siku aliponichapa. Kwa hiyo miguu ya Cucu ilipomkataa na akaenda kukaa kwa amu yangu huko Endarasha, hakukuwa na mkutano wowote. Wangechi mmoja alikuwa ameondoka, mwingine alikuwepo. Cucu alinipa hendeli ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa, na mimi, mtoto wa miaka kumi hivi, nikawa mwanachama kamili, mwenye kikombe changu cha chai na haki ya kukemewa na watu wazima wanne kwa pamoja.

Santuri zote mbili zilikuwa za Kagotho wa Kodiani, mtu wa Wamagana. Kwa kodiani yake, kinanda cha kuvuta na kusukuma, alipiga mwomboko, ngoma ya hatua mbili na kuinama, huku mwenzake akigonga karing'aring'a, ile pete kubwa ya chuma inayolia mpaka kwenye meno. Alirekodi hizo mbili, kisha hakusikika tena. Mimi sikujua kwamba hakusikika tena. Kwenye kile chumba alijaa pote, kwa hiyo nilidhani ndiye mwimbaji mkubwa kuliko wote nchini. Niliamini kila mji una chumba kama chetu, na kwamba Jumapili saa tisa, kutoka Nyeri hadi Nanyuki hadi Meru, kuna wasichana waliosimama wanazungusha hendeli kama mimi. Nguvu ya gramafoni ilipopungua na sauti ikaanza kuzama, niliamini Kagotho anachoka huko aliko. Nilizungusha haraka kwa kumhurumia.

Santuri ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilipofika katikati ya ubeti wa tatu iliruka, wimbo ukaendelea mbele kidogo. Kwa kuwa hatukuwa na nyingine, wazee wangu walijifunza kucheza hivyohivyo. Hatua mbili, inama, hatua mbili, inama, halafu hapo kwenye mkwaruzo wote wanne wanaruka juu. Mama Nyambura aliruka na birika mkononi. Afande Barasa, ambaye hakuelewa neno moja la Kigikuyu katika ule wimbo, ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Mimi nilijua mwomboko ndivyo ulivyo.

Shuleni nilikaa dawati moja na Muthoni, na ni yeye aliyenifumbua macho, ingawa kwa ubaya. Wakati huo redio zote zilikuwa zikimpiga Dani Umeme, kijana wa gita kutoka Nairobi. Mashabiki wake walikuwa hawahesabiki. Walijifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, na darasa letu zima lilikuwa na uzi, hata wavulana. Muthoni akaniuliza mbona mimi sina.

"Sisi nyumbani tunampenda Kagotho," nikasema, tena kwa maringo.

"Kagotho nani?"

"Wa Kodiani."

Alisimama juu ya benchi akauliza darasa zima kama kuna mtu anamjua Kagotho wa Kodiani. Hakuna. Msichana mmoja akasema ati babu yake alikuwa anacheza vitu kama hivyo kabla hajafa. Walicheka mpaka mwalimu akaingia. Nilikaa nikiangalia kalamu yangu, na aibu ilinipanda kuanzia miguuni. Kilichoniuma zaidi ya kicheko ni kujua kwamba hakuna vyumba vingine. Sisi watano ndio mashabiki wote wa Kagotho duniani, na mmoja wetu ni mtoto.

Tangu siku hiyo nilimwangalia Baba kwa jicho lingine. Niliwaona yeye na wenzake wanavyozeeka, wanavyogombania dirisha lifunguliwe au lifungwe, wanavyonichunguza: mbona umekonda, mbona hujachana nywele, huyo Muthoni baba yake ni nani. Kikundi kidogo hakina pa kujificha, na huo ndio ubaya wake, nausema bila kuficha. Nilitamani kuwa mahali ambapo hakuna anayejua sikuchana nywele. Nikavuta uzi mwekundu kutoka kwenye kibiringo cha Baba, nikaufunga mkononi, nikawa nauficha kwa mkono wa sweta kila nikifika nyumbani.

Ndipo ikatangazwa kwamba Dani Umeme anakuja Nyeri, Jumapili saa saba mchana, uwanjani, watoto waingie bure. Nilipiga hesabu ya kitoto. Saa saba mpaka saa nane na nusu nitakuwa nimemwona, saa tisa niko kwa Mama Nyambura, na hakuna atakayejua. Jumapili asubuhi tukitoka kanisani Baba akanishika bega.

"Maitu, leo usichelewe. Leo hasa. Umesikia?"

Nilijua amesikia habari za uwanjani na ananionya kwa mafumbo. Nikasema ndiyo Baba, kwa sauti ndogo ya mtoto mwema, kisha nikala haraka nikapotea. Hendeli nilikuwa nayo kwenye mfuko wa gauni. Ningeiacha nyumbani ningekuwa nimekiri kosa kabla sijalitenda, na zaidi ya hapo, sheria ilikuwa sheria.

Sitadanganya, uwanjani kulikuwa kutamu. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua, kutoka Othaya, kutoka Karatina, wengine walishuka na lori la ng'ombe tangu Doldol. Kila mkono uliokuwa juu ulikuwa na uzi. Mama mmoja nisiyemjua alinigawia nusu ya hindi lake la kuchoma kwa kuona uzi wangu tu, bila kuniuliza mimi ni wa nani. Tuliimba hata kabla ya mwimbaji kufika, na nilipofungua mdomo sikusikia sauti yangu, nilisikia ya wote, nikadhani yote inatoka kwangu. Binti yangu sasa yuko katika kundi la simu la mashabiki maelfu, na ananiambia hajawahi kuona uso wa hata mmoja wao. Namcheka kidogo, sio sana. Nakumbuka lile hindi.

Ila wakubwa huchelewa. Saa nane ikapita. Kengele ya kanisa ikalia saa tisa na bado jukwaa lilikuwa na viti vitupu. Nilijiambia dakika tano tu. Nikaziona sura za wale wanne mezani, nikazifukuza. Saa kumi hivi Dani Umeme akapanda na gita lake linalong'aa, na uwanja mzima ukasogea mbele kwa mara moja. Nikabebwa. Niliruka kama walivyoruka, nikapiga kelele kama walivyopiga, na wimbo wa kwanza ulipokwisha nikajigusa mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Nilimvuta Muthoni nikamwambia nimeangusha hendeli.

"Hendeli ya nini?"

"Ya Kagotho!"

"Aai, Wangechi! Achana nayo, si ni chuma tu!"

Akageukia jukwaani. Simlaumu, alikuwa amesubiri siku hiyo mwaka mzima. Nilipiga magoti katikati ya miguu ya watu nikipapasa nyasi, na mtu akanikanyaga vidole bila kujua. Nilipoinua macho niliona migongo. Hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja pale. Hakuna tu aliyekuwa na sababu ya kutazama chini. Nililia kwa sauti, na kwa mara ya pili siku hiyo sikuisikia sauti yangu. Nilingoja mpaka watu wakaondoka, nikapekua ule uwanja mstari kwa mstari, nikaokota vizibo vya soda na kiatu kimoja cha mtoto. Hendeli sikuiona.

Jua lilikuwa linaenda nyuma ya Nyandarua nilipofika kwa Mama Nyambura. Nilisimama nje nikijua mambo mawili: kwamba nitachapwa, na kwamba mimi si mwanachama tena. La kuchapwa halikunisumbua. Kufukuzwa ndiko kulikoniogopesha. Ile asubuhi nilikuwa nimewaona wazee wenye kuchosha, na sasa nilikuwa tayari kufagia hoteli nzima maisha yangu yote ili wasiniambie niondoke.

Ndani gramafoni ilikuwa wazi mezani, santuri juu yake, sindano imeshafungwa. Chai ilikuwa na utando. Mama Nyambura, Afande Barasa na Mzee Githaiga walikuwa wamekaa, na pembeni yao mtu mwembamba nisiyemjua, mwenye gambuti, yale mabuti ya mpira, na gunia la kabichi miguuni. Baba hakuwepo.

Mama Nyambura ndiye aliyeniona kwanza. "Ngai! Huyu hapa! Mtoto, ulikuwa wapi?" Akanishika uso, akanigeuza mikono, akaona vidole. "Nani amekuumiza?"

"Enda umwite baba yake," Mzee Githaiga akamwambia Afande. "Ako huko chini kwa mto."

Baba alikuwa ameteremka mpaka Chania kutazama majini. Nilielewa hilo pale pale, na ndilo lililonivunja. Aliingia na suruali imelowa magotini. Aliniweka mkono kichwani akauacha hapo.

"Hendeli imepotea," nikasema. "Nilienda kwa Dani Umeme. Nimeipoteza uwanjani."

Mzee Githaiga akamgeukia yule mgeni, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona ameaibika.

"Tusamehe," akamwambia. "Tumekutoa Wamagana bure."

Hapo ndipo nilipojua. Baba alikuwa amemkuta sokoni huko Wamagana, akiuza kabichi. Kagotho mwenyewe. Hakuwahi kuwa na gramafoni. Kodiani yake iliingia maji siku nyingi, na tangu alipotoka studio Nairobi hakuwa amesikia sauti yake tena hata mara moja. Walikuwa wamemwalika aje asikilize, na walinificha jambo hilo kwa sababu mtoto hana siri. Leo hasa. Alikuwa amesubiri tangu saa tisa kusikia wimbo wake mwenyewe, na mimi nilikuwa mahali pengine naimba wa mtu mwingine. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Kagotho alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyeshikwa na usingizi.

"Huyu ndiye hunizungusha?" akauliza.

"Ni yeye," Afande akasema.

"Basi leo apumzike. Wimbo si ni wangu? Nitaimba na mdomo."

Akaanza kuimba. Kodiani aliifanya kwa koo na mashavu, na ilikuwa yenyewe kabisa. Afande akachukua kifuniko cha sufuria na kijiko, akawa karing'aring'a kwa mguu na mkono. Baba na Mama Nyambura wakasimama, Mzee Githaiga naye akasimama akijifanya hataki. Hatua mbili, inama. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na katikati ya wa tatu wote wakaruka juu.

Kagotho akakata wimbo. "Ngoja. Hapo mmefanya nini?"

"Tumeruka," Baba akasema.

"Mnaruka kwa nini?"

"Si hapo watu huruka?" Afande akauliza. "Tangu uhuru mimi naruka hapo."

Mzee Githaiga akaileta santuri dirishani, akamwonyesha mkwaruzo. Kagotho akaupitisha kidole. Mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia.

"Hapa iko mstari yenu imepotea," akasema alipopata pumzi. "Unajua inasema nini? Nawaambia wachezaji wasimame kidogo wapumue!"

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka vile. Mama Nyambura alikaa chini na aproni usoni. Miaka yote hiyo walikuwa wakiruka mahali walipoambiwa wapumzike. Kagotho aliwaimbia ule mstari mara mbili, nao wakausikiliza kwa adabu, kama watu wanaotambulishwa kwa jamaa mgeni. Kisha akasema hata yeye sasa haupendi. Akaanza tena tangu mwanzo bila mstari, na ilipofika pale katikati, mwenye wimbo akaruka na gambuti zake mpaka vikombe vikalia.

Nilicheka na machozi yangu. Hofu niliyotoka nayo uwanjani ililegea kidogo, lakini haikutoka yote, maana mimi nilikuwa bado sijahukumiwa.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Baba hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniona na uzi mwekundu mkononi akasema tu kwamba nikitaka uzi niombe, kibiringo kile kilikuwa cha wateja. Sikuuvua. Dani Umeme hakuwa amenikosea kitu, na nyimbo zake nazipenda mpaka leo. Lakini kila nikikumbuka migongo ile nilitaka kujua kama bado nina kikombe kwa Mama Nyambura, na hakuna aliyenigusia.

Jumapili nilifika saa nane. Mmoja baada ya mwingine wakaja na vipande vyao. Mzee Githaiga akaweka santuri mezani, halafu akatoa kwenye koti chuma kipya, cheusi, kilichopindwa na fundi wa Majengo. Akakilaza katikati ya meza. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatatu, nikasimama nikasema kama niliyesimama mbele ya darasa kwamba hendeli apewe Mama Nyambura, kwa sababu yeye hatoki.

"Nani amekuuliza?" Mzee Githaiga akasema.

Nikaketi.

"Hapa ndani," akasema, akiwaonyesha wenzake mmoja mmoja kwa kidole chenye nta ya viatu, "huyu hajawahi kuipoteza, huyu hajawahi, huyu hajawahi, na mimi sijawahi. Ni wewe peke yako unajua vile inapotea. Shika."

Niliishika kwa mikono miwili. Nafuu niliyoisikia ilikuwa nzito mno kwa mtoto, na badala ya kuzungusha nikaanza kulia, kilio cha kwikwi kisichokatika. Hakuna aliyeninyamazisha. Mama Nyambura alimimina chai, Afande akawa anachagua sindano, Baba akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye sanduku. Walinisubiri mpaka nikamaliza, maana bila mimi hawangeweza kuanza.